Kulwa, Doto na Kivinjari Kilichogoma

Ilianza siku ya Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya uji. Nasema hivyo kwa saa ya ukutani. Kwa saa ya kompyuta niliyokuwa nimekaa mbele yake, ilikuwa saa sita usiku na dakika kidogo, tarehe mosi Januari, mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Niliiona hiyo saa kwa macho yangu haya mawili, nikacheka, nikaendelea na kazi. Wadogo zangu, laiti ningejua!

Ninyi mnaosoma ni wa Kidato cha Kwanza na cha Pili mtakaobaki na ufunguo wa chumba cha kompyuta. Mimi ni Minza. Nimekuwa kiranja wa chumba hicho miaka miwili na nusu, na sasa nimemaliza Kidato cha Nne, kwa hiyo nimestaafu. Mstaafu wa miaka kumi na minane, chekeni tu. Sina kiinua mgongo. Nina haya ninayowaandikia, ambayo mengi nimeyatoa kwenye shajara yangu, nikayapunguza yale ya kulialia. Madam Rhoda, mwalimu wetu wa hesabu na mlezi wa chumba, alitaka niyaseme paredini. Nikamwambia, "Madam, paredini nitazimia, niache niandike." Akaniacha. Ananijua.

Basi turudi kwenye ile Jumatano. Mlango ulifunguliwa, akaingia Mkuu wa shule, nyuma yake Mwalimu wa stoo ameshika futi ya fundi seremala. Hawakunisalimia. Nilisimama nikasema shikamoo mara mbili. Mwalimu wa stoo akapima ukuta huu, akapima ule, akatazama dari.

"Gunia thelathini zinaingia?" Mkuu akauliza.

"Thelathini na tano, Mkuu, tukizipandisha hadi dirishani."

Ndipo Mkuu akaniona. "Minza. Hiyo inafungua nini leo?"

"Inafunguka, Mkuu."

"Sijauliza kama inafunguka. Mlango nao unafunguka. Nauliza inafungua nini."

Nikabonyeza kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni ambayo wengine mnaiita brauza. Kilikuwa cha zamani sana. Nikaandika anwani ya ukurasa wa matokeo ya mtihani wa taifa. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaleta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: kivinjari chako kimepitwa na wakati. Mkuu akausoma kwa sauti, polepole, kama anasoma barua ya msiba.

Siwezi kumsema vibaya. Wazazi walikuwa wamechanga mahindi ya chakula cha mchana, na mwaka uliotangulia yalilala barazani, panya wakala kuliko sisi. Alisema hivi: Jumamosi saa nne ni kikao cha wazazi. Kompyuta zikiweza kuwaonyesha matokeo ya watoto wao, chumba kinabaki chumba cha kompyuta. Zisipoweza, zifungashwe zirudishwe wilayani, mahindi yaingie.

"Zitafungua, Mkuu," akasema Madam Rhoda, aliyekuwa amefika mlangoni na kikombe cha uji.

Walipoondoka akanigeukia. "Minza, zitafungua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu kina ujasiri kuliko mdomo.

Niwaambie kwa nini niliitikia, maana nyinyi mtadhani ni upendo wa mashine tu. Mimi nimetoka Kishapu, kwa baba na mama wanaolima pamba. Nililetwa hapa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kukaa na shangazi ili nisome. Darasani nikinyoosha mkono, wenzangu wanasubiri Kiswahili changu chenye Kisukuma ndani yake waanze kucheka, kwa hiyo niliacha kunyoosha. Kwenye chumba kile unaandika swali, mashine inajibu, haikucheki. Ikikukatalia inakwambia kwa nini, ukitaka kusoma. Wakiingiza mahindi mle, mimi ningerudi kuwa yule wa dawati la nyuma. Hilo ndilo nililokuwa nalipigania, nalisema bila aibu kwa kuwa sasa nimestaafu.

*

Kabla sijaendelea, somo la kwanza la kazi. Kompyuta zetu zinatumia Linux. Haya, nilipokuwa Kidato cha Pili, wiki ya kwanza ya ukiranja, nilikwenda steshenari nikaomba wanishushie kivinjari kwenye flashi. Yule dada akanishushia faili linaloishia na "exe", kama anavyowafanyia wateja wote wa kompyuta nyingine. Nikaja nalo nimelifunga kwenye leso. Nikabonyeza mara mbili. Kimya. Nikabonyeza mara kumi. Siku ya tatu nilikuwa nabonyeza huku nasali Salamu Maria kimoyomoyo. Madam Rhoda alinikuta, akachungulia, akacheka mpaka akavua miwani.

"Minza, umempelekea mbuzi nyama!"

Basi mjue: faili la "exe" si chakula cha Linux. Kwa Linux ya aina yetu, tafuteni faili linaloishia na "deb". Tunaliita kifurushi. Siku hizi kuna njia rahisi zaidi, unafungua duka la programu lililomo humo humo ndani ya kompyuta, unachagua, unasubiri. Lakini duka hilo linataka mtandao wenye nguvu, na shuleni kwetu mtandao unakaa dirisha la kaskazini tu, tena juu ya nondo ya tatu. Mtakuta nimeweka alama ya chaki.

Somo la pili ni hizo kompyuta zenyewe. Zilikuja sita, nne zikafa kwa vumbi na umeme, zikabaki mbili. Hizo mbili zilitoka kwenye boksi moja: nyeusi zote, ukubwa mmoja, mkwaruzo karibu mahali pamoja. Ungetaka tuziite nini zaidi ya Kulwa na Doto? Iliyotangulia kutoka kwenye boksi ndiyo Kulwa, ya pili Doto. Na tulizilea kama mapacha wanavyolelewa kwetu. Ukimpa Kulwa, mpe Doto. Kulwa akifutwa vumbi, Doto afutwe. Kulwa akipata kibodi mpya, hakuna amani mpaka Doto apate. Mimi nyumbani Kishapu nina wadogo zangu Kulwa na Doto wa nyama na damu, na niliwahi kumpa Kulwa karanga peke yake. Mama alinifundisha adabu kwa mwiko. Kwa hiyo jambo hili nililijua kwa ngozi.

Shikeni hapo hapo. Ndipo nilipoangukia.

*

Jumatano ile ile jioni nilikwenda kwa shangazi kazini. Shangazi Mbuke anaendesha karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu ya wachimbaji yawe unga. Pale senta mtandao ni wa kukimbia. Nikamwomba simu, nikakaa juu ya ndoo, nikatafuta kivinjari kipya cha Linux, kile chenye picha ya mbweha, nikashusha kifurushi cha deb. Wakati huo karasha linaunguruma, shangazi anapiga kelele juu ya mngurumo, akiniita mwanangu kwa Kisukuma:

"Unashusha nini? Usinimalizie bando, ng'wanawane!"

"Kivinjari, shangazi!"

"Kina faida gani?"

"Kinazuia mahindi!"

Akanitazama, akamtazama mteja wake, wakatikisa vichwa wote wawili. Lakini hakuninyang'anya simu.

Alhamisi mapumziko nikamchomekea Kulwa flashi. Kulwa ndiye mkubwa, anatangulia. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika sudo apt install, nikafuatisha nukta, mkwaju, ule mstari ulioinama, na jina la kifurushi, nikaweka neno la siri. Kulwa akafikiri kidogo, akanirushia mistari ya Kiingereza. Nikadaka maneno machache: kifurushi hakilingani na mashine.

Hapa ndipo nilipofanya makosa matatu kwa mpigo, na nayaandika yote bila kuficha hata moja.

La kwanza, sikuyasoma yale maneno hadi mwisho. Niliamua tu kwamba faili limeharibika njiani.

La pili, nilikumbuka nimewahi kuona mahali amri ya kulazimisha. Nikalazimisha. Kulwa akakubali kwa shingo upande, nikaruka juu kwa furaha. Nikabonyeza picha ya mbweha. Hakikufunguka. Nikatafuta kivinjari cha zamani, kumbe kipya kimekalia mahali pake. Sasa hakikuwepo cha zamani wala kipya. Nilikuwa nimemkuta Kulwa mgonjwa, nikamwacha mahututi.

La tatu ndilo ambalo nadhani hakuna mtoto wa nchi nyingine angelifanya. Doto alikuwa pale pembeni, mzima, anasubiri, na mimi sikumjaribu kabisa! Alichokikataa Kulwa, Doto atakikubalije? Niliona hata ni uonevu kumjaribu. Nikafuta kifurushi kwenye flashi, nikamfunika Kulwa kitenge chake cha vumbi, nikatoka.

"Imeendaje?" Madam akaniuliza kwenye korido.

"Bado kidogo, Madam."

Bado kidogo! Mgonjwa yuko chini ya kitenge, nasema bado kidogo.

*

Jioni hiyo karasha la shangazi lilikuwa limezimwa. Pale wana makarasha mawili, yote yamepakwa rangi ya kijani, yote yanatapika vumbi la aina moja. La kushoto lilikuwa limekata mkanda. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anasubiri mawe yake, tulizoea kumwita Baba Sumuni, mtu mrefu wa Bukombe anayefuga na kuchimba kwa zamu, alikuwa amejitolea kwenda dukani kuununua. Akarudi nao begani kama ameua chatu.

"Huo umeupimaje?" shangazi akauliza.

"Nimeangalia ule wa karasha la kulia. Si ndugu haya?"

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu, mama. Rangi moja, sura moja."

"Rangi nilipaka mimi!" Shangazi akachukua kitambaa chenye mafuta, akasugua ubavu wa karasha la kushoto. Vumbi likatoka, rangi ikatoka kidogo, kikatokeza kibati kidogo cha chuma chenye namba. Akasugua na la kulia. Namba nyingine kabisa. "Hili lilinunuliwa Kahama, hili Mwanza. Sura haivai mkanda, Baba Sumuni. Kibati ndicho kinavaa mkanda."

"Sasa si tuuvute kidogo, utaingia?"

"Ukilazimisha unavunja puli, gurudumu lake, kisha unanunua viwili."

Wachimbaji wakacheka, Baba Sumuni akacheka zaidi yao, akaubeba mkanda wake kuurudisha. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu cha mboga mkononi. Jamani! Nililazimisha. Sikusoma kibati. Na kule Kishapu, Kulwa wetu akila dagaa anavimba midomo, Doto anamalizia sahani zote mbili; tangu lini mapacha wakala sawa?

"Shangazi," nikasema, "kompyuta ina kibati?"

"Mimi nijuaje? Kila mashine ina kibati. Muulize mwenyewe."

Muulize mwenyewe. Nilikwenda kusonga ugali nikiimba. Shangazi alidhani nimepata mchumba.

*

Ijumaa asubuhi nilimngoja Madam Rhoda mlangoni pa ofisi ya walimu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja nisije nikameza ulimi.

"Shikamoo Madam. Nimemharibu Kulwa. Nililazimisha, nikamfunika kitenge."

"Marahaba." Akanishika kiganja akasoma yaliyobaki. "Umeandika hapa 'samahani', mbona hujaisema?"

"Samahani, Madam."

"Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nililazimisha karatasi kwenye printa ya Mkuu, ikatoa moshi. Twende."

Tukaingia. Madam akanionyesha swali la kuiuliza mashine kibati chake. Liandikeni kwenye mkono kama mimi: uname, nafasi, mstari mdogo, m. Nikamwandikia Kulwa. Akajibu: i686. Nikamwandikia Doto maneno yale yale. Akajibu: x86_64.

Nilipiga ukelele, mimi Minza, hadi darasa la jirani wakachungulia! Kulwa ni wa biti thelathini na mbili, mtu wa zamani kidogo. Doto ni wa biti sitini na nne. Boksi moja, rangi moja, na ndani ni watu wawili tofauti. Kile kifurushi nilichokishusha kwa bando la shangazi na kukifuta kwa hasira kilikuwa cha sitini na nne, yaani kilikuwa cha Doto tangu mwanzo. Alikuwa pembeni yangu, anasubiri chakula chake, na mimi nikakimwaga.

Basi ikawa ni kushusha upya, viwili, kila mtu chake. Simu ya Madam ikawekwa dirishani, juu ya nondo ya tatu. Mtandao ukawa unatembea kwa magoti. Madam alikwenda kufundisha, akarudi, akaenda tena. Cha Kulwa kilikatika mara mbili na kuanza upya. Nilikosa chakula cha mchana, Esta, rafiki yangu wa dawati moja, aliniletea makande kwenye mfuniko wa bakuli, akasema, "Hata ukichumbiwa hutakaa dirishani hivi."

Saa tisa vifurushi vyote vilikuwa kwenye flashi. Nikaondoa kwanza ule mzigo niliomlazimishia Kulwa, kisha nikamwekea chake. Safari hii alikipokea, mistari ikashuka yenyewe, taratibu, hadi ikaisha bila lawama. Nikamgeukia Doto, nikamwekea chake. Naye akapokea. Saa kumi na dakika arobaini, mlinzi akiwa anagonga nondo tutoke, nikaunganisha Kulwa na simu, nikafungua ukurasa wa matokeo.

Kikaja kibao cha tahadhari: muunganisho huu si salama. Nikajaribu ukurasa mwingine. Si salama. Mwingine. Si salama. Dunia nzima haikuwa salama!

"Tufunge, Minza," Madam akasema kwa upole. "Kesho ni kesho."

Nilitembea hadi nyumbani bila kuona njia.

*

Jumamosi saa nne chumba kilijaa hadi madirishani. Kina mama wa mialoni wanakooshea dhahabu, kina baba wa mashambani, wafugaji na fimbo zao. Shangazi Mbuke amevaa kitenge kipya, hana vumbi hata la dawa. Baba Sumuni amesimama mbele kabisa kwa kuwa binti yake, Sumuni, alimaliza Kidato cha Nne mwaka uliopita. Mwalimu wa stoo alikuwa nyuma, futi mkononi.

"Minza," Mkuu akasema, "fungua."

Nikakaa kwa Kulwa. Nikafungua. Tahadhari ile ile.

"Inasema nini, mama?" akauliza mzee mmoja.

"Inasema... si salama."

"Basi tutoke ndani, jamani!" Watu wakacheka. Masikio yangu yakawa ya moto. Nilisikia kabisa futi ya Mwalimu wa stoo inafunguliwa, kwaa.

Baba Sumuni akainama, akanyoosha kidole. "Na hii pacha yake?"

Nikafungua mdomo kumjibu: ni sawa na hii. Nilifika kwenye neno "sawa", ulimi ukasimama. Sikuwa nimemjaribu. Jana nilimwekea Doto kivinjari chake, lakini nilipoona Kulwa anakataa nikamzima naye Doto bila kukijaribu. Kosa lile lile! Siku mbili hazijapita! Nilitaka kujipiga kofi, lakini wazazi walikuwa wengi.

Nikasogeza kiti. Nikamwunganisha Doto na simu. Nikaandika anwani, nikabonyeza.

Ukurasa ukafunguka. Wote. Na rangi zake, na nembo yake, na orodha ya shule kutoka juu hadi chini.

Kelele zilizopigwa mle ndani sijawahi kuzisikia hata bao likifungwa. Nikatafuta shule yetu, nikashuka mistari, nikamfikia Sumuni. Baba yake akasema, "Ikuze kidogo." Nikaikuza. "Kidogo tena." Nikaikuza hadi jina la binti yake likajaa kioo kizima. Akaliangalia muda mrefu, amekumbatia fimbo, midomo inatembea herufi kwa herufi. "Niliambiwa tu kwa mdomo," akasema. "Sikuwahi kuliona." Hakuna aliyemwambia apishe.

Ndipo shangazi yangu, ambaye hajui kunyamaza, akauliza kutoka mlangoni: "Na yule mwingine kwa nini amekataa?"

Watu wote wakanigeukia. Madam Rhoda alijua nisingeweza kusema mbele za watu. Nikaona anavuta pumzi anijibie. Lakini macho yangu yalikuwa yanahama, kona ya chini ya Kulwa, kona ya chini ya Doto. Kwa Doto ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu. Kwa Kulwa ilikuwa tarehe mosi Januari, usiku, mwaka ambao sijazaliwa.

"Saa," nikasema.

"Sema kwa sauti, ng'wanawane!"

"Saa yake!" Nikasimama, sijui nani alinisimamisha. "Ana betri ndogo ndani, imekufa. Akizimwa anasahau siku, anarudi zamani. Sasa kila ukurasa wa mtandao unakuja na hati yake yenye tarehe, na kivinjari kipya hakipiti bila kuikagua. Kulwa akiiangalia anaona ni hati ya siku ambazo hazijafika. Mama, ukienda kliniki na kadi iliyogongwa mhuri wa mwaka kesho kutwa, nesi ataipokea?"

"Ataikataa!" wakajibu kina mama.

"Ndivyo alivyokataa Kulwa!"

Nikakaa upesi kabla miguu haijakumbuka kuogopa. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika sudo date na tarehe ya leo na saa ya ukutani, nikabonyeza. Nikaita tena ule ukurasa kwa Kulwa. Ukafunguka, taratibu, kama mzee anayeamka, lakini ukafunguka.

"Wabeja, mwanangu," akasema yule mzee aliyetaka tutoke. Kwetu ni asante, lakini akilisema mzee linakuwa zito kuliko asante.

Mkuu wa shule alijikuna kidevu, akatazama kompyuta, akatazama wazazi, akamtazama Mwalimu wa stoo. "Nenda ukapime ofisi yangu," akamwambia.

*

Kesho yake, Jumapili, niliamka mapema, nikaenda misa ya kwanza, na badala ya kurudi nyumbani na shangazi nikapita shuleni. Mlinzi alinifungulia. Kupitia dirisha la ofisi ya Mkuu niliona magunia yamepangwa hadi nyuma ya kiti chake, kofia yake imetundikwa juu ya mojawapo. Nikaingia chumbani kwetu. Nikaivuta meza ya Doto peke yangu, ikalia sakafuni, nikaiweka ukuta wa pili, mbali na ya nduguye. Nikakata utepe wa karatasi vipande viwili. Kimoja nikaandika "Kulwa, 32, mwambie siku kwanza", kingine "Doto, 64", nikabandika kila kimoja ubavuni, pale ambapo kibati kingekaa. Ni hivyo hivyo mnavyoviona hadi leo, vimechakaa tu.

Kisha nikawasha umeme. Kulwa aliamka tarehe mosi Januari, usiku, kama nilivyotegemea. Nikamwambia ni Jumapili, saa tatu kasorobo asubuhi. Nikavuka chumba, nikawasha na Doto, na sikumkisia. Niliinama nikaisoma saa yake mwenyewe.